Babu, Kiti na Mita Tatu: Historia Fupi ya Kumpima Mtu Anayeyumba

Najua nimepotea hapa kijiweni karibu mwezi mzima. Wengine mlidhani nimedisko, wengine mkadhani boom limechelewa nikakosa hela ya bando. Hapana jamani, nipo. Nilikwenda nyumbani Mara likizo, nimerudi na jambo kichwani ambalo halinitoki. Leo nimekaa kimbwetani tangu asubuhi, nimeamua kuliandika lote. Ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti ukae. Na hicho kiti usikidharau, tutakihitaji huko mbele.

Basi la Dar kwenda Musoma mnalijua. Ukifika Lamadi kiuno si chako tena. Nilishuka Bunda, nikalala kwa shangazi, na usiku tukiwa tunakula ugali wa udaga na dagaa, shangazi akaniambia kwa sauti ya chini: "Babu yako siku hizi anaanguka."

Nikauliza, anaanguka vipi?

"Anaanguka tu. Amesimama, ameanguka. Juzi kaanguka njiani akienda chooni, akakaa chini mpaka jirani alipopita."

Kesho yake nikapanda gari mpaka Makutano, halafu Butiama. Babu alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, chini ya mwembe, lakini hakuinuka kunipokea kama zamani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umeniletea sukari au umekuja kudai talaka?"

Utani ni ule ule, ila sauti ilikuwa imeshuka kama redio ambayo betri zinakwisha. Uso ulikuwa umetulia mno, hata alipotania haukucheka. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kama mtu anayehesabu noti. Alipotaka kuingia ndani, alifika mlangoni akaganda. Miguu imekwama kabisa, kiwiliwili kinataka kwenda mbele. Nikamshika. Akasema neno ambalo nimelibeba mpaka huku chuo: "Kichwa kinasema twende, miguu inasema subiri kikao."

Kuhusu kuanguka kwake kulikuwa na maelezo matatu pale nyumbani. La kwanza, uzee. La pili, kuna mtu. (Huyo "mtu" mnamjua, kila ukoo una wake wa kumsingizia.) La tatu lilitoka hospitali moja aliyopelekwa mwaka jana: uzee pia, na vitamini za kwenda nazo nyumbani. Yaani miaka miwili mzee anaanguka na hakuna hata mtu mmoja aliyepima chochote.

Mimi na mama mdogo tukaona isiwe tabu, tukamchukua mpaka hospitali ya rufaa Mwanza.

KUVUTWA MABEGA

Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana tu. Alimwomba babu agonganishe vidole, afungue na kufunga ngumi, atembee koridoni. Akampima presha akiwa amelala, halafu akiwa amesimama, kwa sababu wapo wagonjwa ambao presha hushuka ghafla wakiinuka na hiyo peke yake inatosha kuwaangusha. Kisha akafanya kitu kilichonishtua. Akasimama nyuma ya babu akamwambia, "Mzee, nitakuvuta mabega kurudi nyuma. Ukihitaji kupiga hatua, piga. Mimi nipo, huanguki." Akamvuta kidogo kama kumwonyesha. Halafu akamvuta kweli.

Babu akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu... nikaanza kuhesabu bila kujua. Sita. Kwenye ya sita akasimama mwenyewe.

Daktari akaandika kwenye faili: 2. Chini yake akaandika tena: 3. Akatuambia huu ni ugonjwa wa Parkinson. Seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini zinakufa taratibu, ndiyo maana mwili unakuwa mgumu, mzito na wa kutetemeka, na baadaye unasahau kujishika unapoyumba.

Mama mdogo aliuliza dawa. Mimi, mwanafunzi wa historia nisiye na haya, niliuliza namba. Hizo 2 na 3 ni za nani? Nani alianza kuwavuta watu mabega akaandika namba? Daktari akacheka, akanipa majina mawili matatu, mengine nimeyafukua mwenyewe maktaba. Haya ndiyo niliyoyapata.

LONDON, 1817

James Parkinson alikuwa daktari wa kawaida tu mtaa wa Hoxton, London. Mwaka 1817 alitoa kijitabu kuhusu alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Kina wagonjwa sita tu. Kinachonifurahisha mimi ni namna alivyowapata: baadhi aliwaona barabarani. Mmoja hakumgusa kabisa, alimtazama kwa mbali tu akipita. Alichokuwa nacho yule bwana ni macho na daftari.

Na macho yake yaliona jambo zaidi ya kutetemeka. Aliona mwili unainama mbele, na mtu anayetembea anajikuta ameanza kukimbia bila kutaka, kama vile anafukuzia uzito wake mwenyewe usimtangulie. Anaeleza habari ya mgonjwa aliyekuwa na msaidizi wa kumsimamia mbele, mikono mabegani, akimyumbisha taratibu mpaka mwili ukae sawa. Mgonjwa akianza kwenda mbio, msaidizi naye anampisha na kukimbia kwenda mbele, awe tayari kumdaka asije akaanguka.

Hapo hakuna namba hata moja. Lakini tazama, kipimo kimeshaanza. Mtu anayehitaji mwenzake akimbie ili amdake yuko mbali kuliko yule anayetembea na fimbo, na yule wa fimbo yuko mbali kuliko asiye nayo. Parkinson alikuwa anapima kwa msaada anaouhitaji mtu. Likumbukeni hili, tutalikuta tena Tarime.

Nusu karne baadaye Paris akatokea Jean-Martin Charcot, daktari mkubwa wa neva katika hospitali ya Salpêtrière. Huyu ndiye aliyesema ugonjwa upewe jina la Parkinson, kwa sababu siyo wagonjwa wote wanatetemeka na wala hawajapooza. Alipowafundisha wanafunzi wake alionyesha kwamba ukimvuta mgonjwa nguo kidogo kwa nyuma, anaanza kurudi kinyumenyume na hawezi kujizuia. Kumbe babu alichofanyiwa Mwanza ni mjukuu wa kile kitendo cha Paris!

Charcot huyo huyo aliambiwa na wagonjwa kwamba wakisafiri safari ndefu kwa treni au gari la farasi wanajisikia nafuu. Akaamua kutengeneza kiti cha kutikisika, kitikise watu kama treni. Nilipomsimulia babu akasema basi yeye apewe tiketi ya bure ya Dar–Musoma kila wiki, atapona. Teh teh.

1967

Sasa nifuateni hapa, maana huu ndio mwaka wenyewe.

Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, kuunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari mwaka ule. Zaidi ya kilometa 200 kwa mguu. Babu alikuwa na miaka 18. Anavyosimulia yeye, alikuwa kwenye kundi la vijana waliosindikiza mpaka Bunda, akarudi na malengelenge ambayo aliyaonyesha kijiji kizima kama nishani. Kwetu hii hadithi tumekua nayo. Ukikosea mtihani, unaambiwa: babu yako alitembea mpaka Bunda.

Mwaka ule ule, mbali kabisa na barabara ya Bunda, yalitokea mambo matatu kuhusu ugonjwa ambao ungekuja kumzuia mtu huyo huyo kuvuka mlango wa nyumba yake.

La kwanza, New York. Madaktari wawili, Margaret Hoehn na Melvin Yahr, walichapisha utafiti wa mamia ya wagonjwa na ndani yake wakaweka ngazi tano. Ngazi ya 1, dalili ziko upande mmoja wa mwili. Ya 2, pande zote mbili, lakini mtu bado anajimudu asianguke. Ya 3, ameanza kuyumba, ingawa bado anajitegemea. Ya 4, hali ni nzito ila bado anaweza kusimama au kutembea bila kushikwa. Ya 5, kiti cha magurudumu au kitandani, isipokuwa asaidiwe.

Tazama vizuri mpaka kati ya 2 na 3. Haujachorwa na mkono unaotetemeka wala na sauti inayofifia. Kinachouchora ni kuyumba. Mtu anaweza kutetemeka mpaka chai imwagike na bado akawa ngazi ya 2, na mwingine akatetemeka kidogo tu lakini akawa ya 3 kwa kuwa ukimgusa anaanguka. Ndiyo maana daktari alimvuta babu mabega. Bila kumvuta, usingejua yuko upande gani wa mpaka. Ile 3 kwenye faili ni hiyo.

La pili, Marekani tena: Februari 1967 George Cotzias alitangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa dopa, akianza na kidogo na kupandisha taratibu mpaka dozi kubwa. Watu waliokuwa wamekakamaa wakaanza kujongea. Dawa ya levodopa tuliyoondoka nayo Mwanza ni tunda la kazi ile. Lakini daktari alitupa tahadhari moja: levodopa inasaidia sana ugumu na uzito wa mwili, ila kuyumba kunaisikia kidogo kuliko dalili nyingine. Usidhani ukimeza kidonge utaacha kuanguka. Kwa kuyumba inabaki mazoezi, kuondoa vitu vya kujikwaa, na kupima mara kwa mara.

La tatu, London: James Purdon Martin alitoa kitabu kuhusu ubongo na mkao wa mwili. Alikuwa amewachunguza kwa muda mrefu watu waliobaki na dalili kama za Parkinson baada ya ule ugonjwa wa kulala uliozunguka dunia mwishoni mwa miaka ya 1910 na miaka ya 1920. (Siyo malale yetu ya mbung'o wa Serengeti, huo ni mwingine.) Aliona kwamba mtu aliyeganda asiweze kupiga hatua, ukimchorea mistari ya kukatisha sakafuni, anaivuka mmoja mmoja kama hana tatizo. Mstari! Nusu karne na ushee imepita, na babu yangu alikuwa anaganda kwenye mlango usio na mstari.

BINGWA ALIYEKATALIWA IKULU

Kabla sijarudi nyumbani, kisa kimoja cha Dar. Februari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuomba nchi zigomee Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Tanzania. Mzee wetu wa Butiama alikataa kuonana naye, akaona ni dharau kutumiwa mwanamasumbwi kwa jambo la kidiplomasia. Tanzania ikaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Nyambui ni mtu wa Majita, kwa hiyo Musoma tunajipigia makofi hadi leo.

Nimekitaja kwa sababu Ali alikuwa na miaka 38 alipotua Dar, na ilipofika 1984 akaambiwa ana dalili za Parkinson. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi ya kupima mahojiano yake ya zamani ya televisheni: kati ya 1968 na 1981 kasi yake ya kuongea ilikuwa imeshuka kwa karibu robo. Mwili ulikuwa unatoa taarifa miaka kadhaa kabla ya daktari kutamka jina, mbele ya kamera na mamilioni ya watu. Kama bingwa wa dunia ilimpita hivyo, sembuse mzee wa Butiama anayeangukia njia ya chooni.

KITI NA MITA 3

Baada ya 1967 vipimo viliongezeka, na vingi havina mashine yoyote.

Mwaka 1986 na 1991 ndipo kilipozaliwa na kuboreshwa kile cha kiti. Unakaa kwenye kiti chenye mikono. Ukiambiwa anza, unainuka, unatembea mita 3 kwa mwendo wako wa kawaida, unageuka, unarudi, unakaa. Mtu mwingine anashika saa. Toleo la 1991 la Podsiadlo na Richardson kule Kanada ndilo lililoweka saa. Mzee mwenye afya anamaliza kwenye sekunde 10 hivi. Akizidi 30, mara nyingi ni mtu anayehitaji msaada kwenye mambo mengi ya kila siku.

Mwaka 1989, Kanada pia, Katherine Berg na wenzake wakatengeneza kipimo cha majukumu 14: kusimama macho yamefumbwa, kuokota kitu chini, kugeuka mzunguko mzima, kusimama mguu mmoja na mengine. Kila moja lina alama 0 hadi 4, jumla 56. Mwaka 1990 Pamela Duncan akaja na cha kunyoosha mkono mbele bila kusogeza miguu, unapima umefika sentimita ngapi.

Kile cha kuvuta mabega kiliingia kwenye fomu kubwa ya ugonjwa huu mwaka 1987, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2008. Kwenye fomu ya 2008, ukirudi hatua moja au mbili ni 0, uko sawa. Hatua 3 hadi 5 ni 1. Zaidi ya 5 ila ukasimama mwenyewe ni 2. Ungeanguka kama usingedakwa ni 3. Unayumba hata bila kuvutwa ni 4. Babu alirudi hatua sita akasimama. Ndiyo ile 2. Fumbo limekwisha.

Siku hizi kuna sahani za umeme za kusimama juu yake na vihisio vya kufunga kiunoni, hata simu ya mkononi ina kifaa kinachoweza kuhisi mtu akiyumba. Vizuri sana. Lakini nimesoma historia hii nzima nikitafuta mahali ambapo kijiji kingesema "sisi hatuna mashine ndiyo maana hatukupima", na sijapaona. Parkinson alikuwa na macho. Charcot alikuwa na vidole viwili vya kuvuta nguo. Wale wa 1991 walikuwa na kiti na saa.

KWETU WALIPIMA

Na msidhani haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime ya wakati ule, hapa hapa Mara, kulikuwa na ukame na njaa. Watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, sumu ya sayanaidi ikabaki. Ghafla watu wakaanza kukakamaa miguu yote miwili. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Siyo Parkinson kabisa: unapiga kwa ghafla, na unashika miguu ya watoto na kina mama. Lakini madaktari, akiwemo Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, William Howlett na Hans Rosling, waliwachunguza wagonjwa 39 wakachapisha matokeo mwaka 1990.

Konzo inapangwaje ukali wake? Anayetembea bila msaada, hali nyepesi. Anayehitaji fimbo moja au mbili, ya kati. Asiyeweza kutembea, nzito. Basi. Fimbo ndiyo rula. Ni ule ule mtazamo wa mitaa ya London. Na kwa kupima hivyo na kuuliza watu wamekula nini, ikajulikana kwamba tatizo ni muhogo wa haraka haraka wakati wa njaa. Mkono wa mtu haukuwemo. Udaga wa shangazi ulioloweka na kukauka vizuri ndio kinga yenyewe.

Halafu kuna Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2005 na 2006 wahesabu watu walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na maswali ya kuwatambua wenye dalili, kisha madaktari, akiwemo Catherine Dotchin na Richard Walker kutoka Uingereza pamoja na wenzao Watanzania, wakawachunguza. Katika watu 161,071 walipatikana 33 wenye Parkinson. Sasa shika hii: zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa huo. Walikuwa majumbani, wanatetemeka, wanaganda milangoni, na jina la ugonjwa wao lilikuwa "uzee". Babu yangu yuko Butiama lakini ni mmoja wao.

TUKARUDI BUTIAMA

Tuliporudi nilimwazima fundi cherehani jirani futi yake. Ina sentimita 150, nikailaza mara mbili uani, mita 3 hizo. Kiti kikaletwa, kile chake cha mikono. Simu yangu ikawa saa. Mama mdogo akakaa ubavuni kwa babu hatua kwa hatua, maana daktari alituonya: msimpime akiwa peke yake, na lile la kuvuta mabega msijaribu kabisa nyumbani, mtamvunja nyonga.

Siku ya kwanza: sekunde 34. Kuinuka alihitaji majaribio matatu, na kwenye kona peke yake alipiga vihatua tisa ili ageuke. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tunalaumu njia ya chooni bure. Njia ile ina kona mbili. Anaangukia kwenye kona.

Tukaondoa jiwe na kamba ya mbuzi kwenye njia ile, tukaongeza taa. Nikachora mistari ya chokaa mlangoni, minne, ya kukatisha, kwa heshima ya mzee Purdon Martin. Babu akaitazama, akainua mguu juu ya wa kwanza, wa pili, wa tatu... akaingia ndani. Mama mdogo akaanza kulia. Babu akasema, "Kumbe miguu ilikuwa inataka ajenda."

Wiki tatu baadaye, akiwa na dawa na mazoezi ya kuinuka kitini mara kumi asubuhi na jioni: sekunde 26. Nikashangilia kama gemu la watani wa jadi. Jioni ya siku hiyo hiyo, dawa ikiwa imeanza kuisha mwilini, nikampima tena: 32. Nikanywea. Lakini ndipo nikaelewa kwa nini daktari alisisitiza tuandike na saa ya kumeza dawa. Namba moja peke yake inadanganya. Zikiwa nyingi kwenye daftari, na saa zake, ndipo zinaanza kusema ukweli.

Sitaki kuwadanganya kwamba amepona. Huu ugonjwa hauponi, na ngazi zile tano hakuna anayezishuka kwa daftari la mjukuu. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena anayemtaja "mtu". Jirani mmoja aliyekuwa na maneno yake amekuja mwenyewe kukaa kwenye kiti apimwe, akapata 12, akaondoka anajisifu. Na babu ambaye alikuwa haendi popote kwa aibu ya kuanguka mbele za watu, Jumapili ya mwisho kabla sijaondoka alikwenda kanisani, mama mdogo mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia. Njiani akanionyesha upande ilipo barabara ya Bunda. "Pale nilipita nikiwa na miaka 18," akasema. "Ungenipima siku hiyo mke wangu, saa yako ingeharibika."

Jamani, kama una mzee nyumbani anayeanguka, usikubali neno "uzee" liwe jibu la mwisho. Mwulize: anaangukia wapi, saa ngapi, akifanya nini, akigeuka au akiinuka? Andika. Weka kiti, pima mita 3, simama ubavuni kwake, washa saa. Halafu lichukue daftari na mzee, uende navyo hospitali. Ukiambiwa uzee, fungua daftari.

Shangazi huwa ananitumia ujumbe kila Jumapili jioni. Wa jana ulikuwa mfupi: "29 asubuhi baada ya dawa. Wiki hii hajaanguka. Anauliza sukari yake."

Haya wadau, nawasilisha. Narudi kwenye asaimenti, nimebakiza siku mbili na sijaandika hata utangulizi. Alamsiki.